Maganda ya kiazi si aibu

Juma hili tuzungumzie kiazi, tena kile cha mapande makubwa chenye maganda yake, ambacho wengi wetu tunaona haya kumwekea mgeni.

Ukipita Issuna, kwenye barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida, utakuta ardhi ya alizeti, mtama, uwele na kiazi kitamu. Lakini mtoto wa hapo ukimpa fedha ya kula hanunui kiazi cha kwao. Hununua chipsi, nyembamba kama njiti, zilizokaangwa kwa mafuta ya jana na juzi, meusi kama oili ya gari. Nyumbani nako mama humenya kiazi kwa kisu butu mpaka robo nzima inakwenda jaani, ili chakula kionekane cha kistaarabu. Kiazi chenye ganda, tunaambiana, ni cha watu wasiojiweza.

Mimi nasema ustaarabu huo unatugharimu afya. Kiazi kikikatwa chembamba hupata nyuso nyingi, na kila uso hunywa mafuta. Pande kubwa hunywa kidogo. Ganda nalo lina nyuzinyuzi ambazo tumbo linazihitaji, na huzuia baadhi ya vitamini zisiishie kwenye maji ya kuchemshia. Halafu kuna gharama: kiazi mviringo huku huja kwa lori kutoka nyanda za baridi. Ukinunua kilo kisha ukaitupa robo, umetupa riziki.

Mapishi yenyewe hayana ugumu. Kata kiazi kilichooshwa vipande vinne, au sita kama ni kikubwa. Chemsha kwa maji ya chumvi mpaka kisu kianze kuingia, mwaga maji, kisha funika na uitikise sufuria ili kingo za vipande zichubuke. Michubuko hiyo ndiyo itakayokauka na kuwa mikavu na mitamu. Tia vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti, kitunguu saumu kilichopondwa, bizari nyembamba na pilipili manga. Palia makaa juu ya mfuniko, chini bakisha machache, ugeuze mara moja. Kamulia ndimu. Weka kando ya kuku wa kienyeji au maharage na mboga ya majani, wala usikifanye kiazi kujaza sahani nzima, hasa nyumba yenye mgonjwa wa sukari.

Lakini atakaye kula ganda lazima ajue usafi wake, na hapa ndipo tunapokosea sana. Maji ni ya shida Singida, kwa hiyo tunamenya kiazi chenye udongo, tunakisuuza baadaye, kisha kisu kile kile kinakata kachumbari. Kiazi kitapikwa na moto utaua vijidudu na mayai ya minyoo. Kachumbari haipikwi. Osha kiazi kwanza, kabla ya kisu kukigusa. Mabeseni mawili madogo yanatosha: la kwanza kuloweka na kusugua kwa kipande cha katani, la pili kusuuzia. Maji ya udongo yamwagie mpapai.

Jambo jingine ni ukijani. Viazi mviringo vinavyopangwa mafungu juani kando ya barabara hugeuka kijani, na hapo huwa vinatengeneza sumu iitwayo solanini, yenye kuleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha. Kuchemsha hakuiondoi. Doa dogo likate kwa kina, lakini kiazi kilichoenea ukijani au kilichojaa machipukizi kitupe, na mtoto asipewe kabisa. Nyumbani viweke gizani, penye hewa, si kwenye mfuko wa plastiki.

Na kiazi kitamu je? Hicho wazee wetu walikichemsha kizima na ganda lake, kila mtu akamenya mwenyewe mkononi. Walikuwa sahihi. Siku hizi kuna viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ambavyo mwili hugeuza rangi yake kuwa vitamini A, kinga ya macho ya watoto. Kazi ya kuvieneza Afrika ilimpatia mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, pamoja na wenzake watatu, Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Vitamini hiyo mwili huipokea vizuri ikiwa pamoja na mafuta kidogo, na mafuta ya alizeti ndiyo hayo tunayokamua wenyewe! Vipike mapande kama nilivyoeleza, ila muda wa kuchemsha uwe mfupi.

Mvua zikikaribia, muulize bwana shamba wa kata yako habari za marando yake. Tuta moja nyuma ya nyumba latosha kuanzia.