FEDHA YA TAIFA NA FOSFETI YA MINJINGU

Kila msimu wa kupanda unapokaribia, mkulima wa Buger huuliza: mbolea mwaka huu bei gani? Jibu halitoki Karatu wala Arusha. Hutoka ng'ambo. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipozidisha bei, mfuko wa DAP ulipita shilingi 100,000, na Serikali ikatenga shilingi bilioni 150 za ruzuku ili uuzwe 70,000. Twaishukuru Serikali, bila hatua ile mashamba mengi yangalilala. Lakini mbolea nyingi iliyolipiwa kwa fedha ile ilitoka nchi za wenzetu.

Na hali mali yenyewe tumeikalia. Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, kuna fosfeti iliyogunduliwa mwaka 1956, zama za ukoloni, na watu waliokuwa wakitafuta urani. Fosfeti ndiyo inayokuza mizizi ya mahindi na ngano. Umoja wa Ulaya umeihesabu miongoni mwa madini ya lazima tangu 2014. Sisi je?

Wapo wasemao kuwa Serikali si mfanyabiashara. Twawajibu: Julai 2025 Wizara ya Ulinzi ya Marekani, nchi inayowahubiria wengine soko huria, ilikubali kununua hisa za dola milioni 400 katika kampuni ya madini ya MP Materials, ili taifa lao lisiitegemee China. Kilicho halali kwa tajiri hakiwezi kuwa haramu kwa maskini.

Wengine husema tulijaribu tukashindwa. Hao yafaa wasikilizwe. STAMICO ilianza kuchimba Minjingu mwaka 1983 kwa msaada wa Finland. Fosfeti ikapelekwa kiwanda cha mbolea cha Tanga. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1991, mgodi ukakosa soko, na mwaka 2001 ukaingia mikononi mwa watu binafsi. Kosa halikuwa kutia fedha ya umma. Kosa lilikuwa mgodi mzima kumtegemea mnunuzi mmoja.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, Serikali itoe mkopo wa muda mrefu wa kupanua kazi ya kusaga na kuchanganya mbolea, kwani fosfeti ghafi hufaa zaidi penye udongo wenye tindikali. Kwingineko huyeyuka polepole mno. Pili, fedha hiyo isitoke bure: taifa lipate hisa, kama sheria ya 2017 inavyodai asilimia 16 au zaidi katika migodi mikubwa, na kama tulivyopata katika nikeli ya Kabanga. Tatu, hesabu zitangazwe hadharani, na mkulima wetu auziwe kwanza kabla ya mbolea kuvuka mpaka.

Nchi iombayo mbolea huomba chakula, na mwomba chakula hana sauti barazani. Ndugu wanachama wa Buger, Endabash na Karatu yote, lijadilini jambo hili matawini, mkalifikishe kwa wabunge wenu. Jembe ni letu na shamba ni letu. Mbolea nayo iwe yetu.