Msimpokonye bibi ufagio

Na Rehema Mshindo

Wiki ya kwanza bibi akiletwa Dar es Salaam kutoka kijijini, nyumba nzima hufurahi. Chumba kimepakwa rangi, godoro ni jipya, televisheni imefungwa ukutani. Siku ya tatu anaamka alfajiri kama alivyozoea tangu usichana wake, anafungua mlango wa nyuma, anaona ufagio wa chelewa umeegemezwa ukutani, anainama na kuanza kufagia uwanja. Hajafika hata kwenye shina la mwembe, dada wa kazi ametoka mbio na kumpokonya. "Bibi, acha tafadhali, mama atanigombeza." Bibi anarudi ndani na kuketi kwenye kochi. Miezi sita baadaye anashika ukuta akienda msalani, na wanawe wanaambiana kwa huzuni kwamba uzee umemwingia ghafla.

Haukumwingia ghafla. Umeharakishwa, tena na watu wanaompenda kuliko wote.

Habari hii ni ya nyumba nyingi, kuanzia Kimara hadi Likoni. Kijana aliyesomeshwa kwa jembe la mama yake akipata kipato, zawadi ya kwanza anayoiwazia ni kumtoa shambani: "Mama, umehangaika vya kutosha, sasa pumzika." Adabu yetu nayo inamuunga mkono. Mkubwa hatumwi, mkubwa hachoti maji, mkubwa huletewa. Nia ni njema kabisa. Lakini misuli haina habari na nia; isipotumika, inaondoka. Mwaka 2007 jarida la madaktari la JAMA la Marekani lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa kundi dogo la wazee wenye afya njema, wenye wastani wa umri wa miaka 67, waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Hawakuwa wagonjwa. Walipoinuka, miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo moja ya misuli. Kama siku 10 zinaweza kufanya hivyo, ni rahisi kufikiria miezi sita ya kochi inafanya nini.

Ushahidi wa kwanza mzito kwamba kukaa kutwa kunadhuru mwili ulipatikana ndani ya basi. Jerry Morris, daktari wa Uingereza, alitaka kujua kwa nini baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu wengi zaidi walikuwa wakifa kwa maradhi ya moyo. Yeye na wenzake wakawachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kwenye kiti zaidi ya asilimia 90 ya zamu yake. Konda alipanda ngazi kati ya 500 na 750 kwa siku akikata tiketi juu na chini. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 1953: makonda walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walioyapata hawakufa haraka kama wenzao. Ikaja hoja kwamba huenda madereva walikuwa wanene tangu siku walipoajiriwa. Morris akaenda kwenye kumbukumbu za sare za kazi, akakagua vipimo vya viuno vya suruali. Kweli, madereva walikuwa na viuno vinene zaidi; lakini hata alipolinganisha mwembamba na mwembamba, mnene na mnene, konda alikuwa salama zaidi. Morris mwenyewe aliendelea kufanya mazoezi uzeeni, akafariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Basi moja, mji mmoja, moshi mmoja. Kilichowatofautisha ni kiti.

Mfano mwingine uko hapahapa Tanzania, na unastahili kuzungumzwa zaidi ya unavyozungumzwa. Kusini-magharibi mwa Ngorongoro, kuzunguka Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe. Idadi yao ni zaidi kidogo ya 1,000, na sehemu yao bado inaishi kwa kuwinda, kulina asali, kuchuma matunda ya porini na mabuyu, na kuchimba mizizi. Katika miaka ya 1980 wanaanthropolojia watatu, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walifuatana na akina mama wa Kihadzabe wakiandika saa walizotumia kutafuta chakula. Walitarajia wasichana wenye nguvu ndio wawe mbele. Waliokuwa mbele ni bibi. Wanawake waliokwisha kupita umri wa kuzaa walitumia saa nyingi zaidi porini kuliko binti zao, wamechuchumaa kwenye ardhi ngumu yenye mawe, wakichimba mizizi kwa mti uliochongwa ncha. Utafiti wao wa baadaye ukaonyesha jambo jingine: mama anapokuwa na kichanga mgongoni, unene na ukuaji wa mtoto aliyeachishwa ziwa hutegemea kile bibi anachokileta. Pale bibi hapumzishwi, kwa sababu mjukuu anamhitaji.

Isidhaniwe kwamba maisha hayo ni pepo. Watoto wengi wa Kihadzabe hufa wadogo, karibu nusu kabla ya kutimiza miaka 15, kwa maradhi ambayo chanjo na zahanati zingeyazuia. Lakini anayevuka utoto ana nafasi nzuri ya kufika miaka ya 60 na 70 akiwa anatembea mwenyewe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba wana zaidi ya saa mbili kila siku za mwendo wa kutoa jasho, na shinikizo la damu ni nadra kwao hata uzeeni. Mwaka 2020 ukaja uchunguzi wa jinsi wanavyopumzika, na hapo ndipo penye somo kwa mwenye kochi. Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku wakati wa mchana, sawa na mtu wa ofisini. Ila hupumzika wakiwa wamechuchumaa, wamepiga magoti au wameketi chini, na katika mikao hiyo misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Kupumzika si adui. Mwili unahitaji usingizi na mapumziko kama unavyohitaji chakula. Tatizo ni kupumzika kulikogeuka kuwa kazi ya kutwa nzima.

Pwani nayo ilikuwa na mikao yake. Anayekuna nazi hukaa juu ya mbuzi, sentimita chache kutoka ardhini, magoti yamekunjwa, mkono mmoja unazungusha kifuu na mwingine unakishikilia. Akimaliza, anainuka mwenyewe na sinia lake. Mkeka ulimfanya mtu ashuke na ainuke mara nyingi bila kuhesabu. Na Mwislamu anayeswali swala tano anatimiza rakaa 17 za faradhi kwa siku, kila moja na rukuu yake na sijda zake mbili. Hiyo ni ibada, haikuwekwa kwa ajili ya mazoezi. Hata hivyo magoti, nyonga na mgongo vinakunjwa mpaka chini na kunyanyuliwa tena, kila siku, kwa miaka 60. Mgonjwa ameruhusiwa kuswali akiwa ameketi, na ruhusa hiyo ni rehema. Mzima asiwekewe kiti na wajukuu kwa sababu tu nywele zimekuwa nyeupe.

Madaktari wa Brazil waliwahi kukupima huku kushuka chini na kuinuka. Waliwaomba watu zaidi ya 2,000, wenye umri wa miaka 51 hadi 80, waketi sakafuni na kuinuka kwa kujishika kidogo iwezekanavyo, kisha wakawafuatilia kwa miaka kadhaa. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2012 yalionyesha kuwa waliohangaika zaidi kuinuka ndio waliokufa kwa wingi zaidi katika kipindi hicho. Kuinuka sakafuni si dawa inayofukuza mauti. Ni alama: inaonyesha nguvu, unyumbufu na mizani ya mwili kwa pamoja, vitu vitatu vinavyomzuia mzee asianguke bafuni na kuvunja nyonga.

Je, aliyekwisha kudhoofika anaweza kurudi? Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake waliwapa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wazee ya Boston, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Baada ya wiki nane nguvu za miguu ya waliomaliza zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha kutembelea mkongojo. Watu wa miaka 90! Nyumbani hakuhitajiki mashine. Kuinuka kitini mara kumi bila kushika kitu, asubuhi na jioni; kubeba chupa ya maji ya lita moja kila mkono; kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na siku tatu au zaidi za mazoezi ya nguvu na mizani. Mwenye maradhi ya moyo, kisukari au magoti mabovu azungumze kwanza na daktari wake, na aanze polepole.

Chakula kinafuata mkondo huohuo. Kijijini bibi alikula viazi vitamu, kunde, mchicha, ndizi na samaki akipatikana. Mjini anapewa kinachodhaniwa kuwa cha heshima: mkate mweupe, soda, chipsi, chai yenye vijiko vinne vya sukari. Kisiwa cha Okinawa cha Japani, kilichosifika dunia nzima kwa wazee wake, mwaka 1949 kilipata zaidi ya nusu ya nishati ya chakula chake kutoka kwenye viazi vitamu. Baadaye vikaja vyakula vya haraka na magari, na kufikia mwaka 2000 wanaume wa Okinawa walikuwa wameporomoka hadi nafasi ya 26 kati ya mikoa 47 ya Japani kwa matarajio ya umri wa kuishi. Kiazi kitamu bado kiko sokoni Buguruni, na hakihitaji chumvi nyingi wala sukari.

Lakini kinachomuumiza bibi kuliko chakula ni geti linalomfungia ndani. Kijijini alikuwa mweka hazina wa kikundi, mwalimu wa wanaojifungua mara ya kwanza, msuluhishi wa ugomvi wa mipaka. Mjini hakuna anayemuuliza kitu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza mwaka 1938, ukiwafuatilia wanafunzi wa chuo hicho na vijana wa mitaa maskini ya Boston kwa maisha yao yote, uligundua kwamba walioridhika na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora wakiwa na 80. Wazee wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaokutana barazani jioni kwa kahawa na bao wanapata hilo bila kuandikiwa na daktari. Wanatoka, wanatembea, wanabishana, wanahesabu kete, na asipoonekana mmoja anafuatwa nyumbani.

Kenya iliwahi kuionyesha dunia jinsi mzee anavyoweza kukataa kukalishwa. Januari 2004 Kimani Maruge, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau, aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na miaka 84. Elimu ya msingi ilikuwa imefanywa bure mwaka mmoja kabla, naye alitaka ajisomee Biblia mwenyewe. Alivaa kaptula na soksi ndefu kama wenzake. Mwaka uliofuata alisafiri hadi New York kuzungumzia elimu bure. Alifariki mwaka 2009, akiwa bado na kiu ya kusoma.

Kuna mpaka ambao safu hii haitaki usahauliwe. Bibi anayefagia kwa sababu anapenda si sawa na bibi anayeponda kokoto kwa sababu asipoponda hatakula. Wazee wengi wa Afrika Mashariki wako kwenye kundi hilo la pili, na kuwaambia wao kwamba kazi ni afya ni kuwakosea. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi pensheni, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi; Kenya ina Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa wenye umri huo. Fedha hizo ni kidogo, lakini zinampa mzee nafasi ya kuchagua kazi gani afanye na ipi aiache. Tanzania Bara inapaswa kufika hapo.

Kwa familia, mambo ya kufanya ni madogo na yanaanza leo. Bibi apewe tuta moja la mchicha, hata kwenye magunia. Atumwe, ndiyo, atumwe: aende dukani kununua nyanya, achambue maharage, amfundishe mjukuu kusuka ukili. Bafuni pawekwe chuma cha kushika na mkeka usioteleza. Kandambili zibadilishwe kwa viatu vyenye kamba ya kisigino. Shinikizo la damu lipimwe kituo cha afya kila mara, kwa sababu haliumi mpaka limeharibu. Dada wa kazi aelezwe mbele ya bibi mwenyewe kwamba ufagio wa asubuhi ni wa bibi.

Na nje ya geti, lawama si za familia. Mzee anayetaka kutembea Dar es Salaam anakutana na mitaro isiyo na vifuniko, njia za miguu zilizogeuzwa maegesho ya bodaboda, na barabara za kuvuka mbio. Madiwani wanapopitisha bajeti za barabara za mitaa, kila kata inaweza kuanza na njia moja tu, kutoka kwenye makazi ya watu hadi zahanati kupitia sokoni, yenye vifuniko vya mitaro, taa, kivuli cha miti na benchi kila baada ya mita 200.