Laptopu Isiyoamka Haijafa

Mwandishi aliyedai kwamba laptopu ikikataa kuamka usingizini basi bodi imekufa na inunuliwe nyingine amewakosea watu wa Manyatta, Embu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu aliyenunuliwa laptopu ya mtumba kwa bonasi ya chai ya wazazi wake atapata wapi ya pili?

Taa inawaka, feni inazunguka, ila kioo ni cheusi? Mashine iko hai. Mara nyingi programu inayoendesha picha ndiyo imekwama. Kwenye Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Huenda picha ikarudi papo hapo. Ikigoma, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 hivi, kisha uwashe upya. Kazi ambayo hukuihifadhi itapotea, kwani mashine inapolala kazi hiyo hubaki kwenye RAM, nayo RAM hupoteza kila kitu umeme unapokatika. Ndiyo maana nasisitiza: hifadhi kabla ya kufunga kifuniko.

Bodi zilizokufa kweli zipo, sikatai. Lakini fundi atamke hivyo baada ya kusasisha programu ya picha na kuzima uwashaji wa haraka wa Windows, si kabla.