Afya Nyumbani: Moyo Dhaifu na Mazoezi ya Umeme

Mwezi huu twapenda kusema juu ya maradhi ambayo wengi huyadhani kuwa ni uzee tu, nayo ni moyo kudhoofika hata usiweze kusukuma damu ya kutosha mwilini. Miguu huvimba, pumzi hukatika kwa mwendo mdogo, na usiku mgonjwa huomba mto wa pili ndipo apate usingizi.

Maradhi haya si ya wazee peke yao. Mwaka 2012 na 2013 madaktari waliwachunguza wagonjwa 427 wa namna hii katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 55, na sababu iliyoongoza ilikuwa shinikizo la damu. Basi huenda wengi wao walikuwa bado wakitegemewa na watoto.

Desturi yetu ni kumlaza mgonjwa kama huyu, tukamkataza hata kwenda uani. Hayo ni mapenzi, na zamani madaktari wenyewe waliamuru hivyo. Lakini misuli isiyofanya kazi hukonda, na iliyokonda huchoka upesi. Mgonjwa huhema kwa jambo dogo, na kwa kuogopa kuhema huzidi kulala. Mwisho hawezi kuinuka kutoka katika sijida bila kushikwa mkono. Mwaka 2009 utafiti uliofanywa Marekani, Kanada na Ufaransa kwa wagonjwa 2,331 ulionyesha kwamba mazoezi yenye kipimo ni salama kwa mgonjwa ambaye hali yake imetulia.

Je, yule ambaye hata hatua chache zamshinda? Kwa ajili yake waganga wametumia umeme. Vibandiko huwekwa juu ya mapaja na vigimbi, kisha mashine ndogo hupeleka umeme hafifu, na misuli hujikaza na kulegea kana kwamba mtu atembea, hali yeye amekaa kitini. Huko Edinburgh wagonjwa 46 waligawanywa: baadhi wakaendesha baiskeli isiyokwenda, na wengine wakatumia umeme nyumbani kwao, nusu saa kwa siku, siku 5 kwa juma, muda wa majuma 6. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003, nayo ni kwamba makundi yote mawili yalipata nafuu katika kutembea.

Lakini yapasa tuonye. Umeme huu hautibu moyo, wala haubadili dawa. Huitia nguvu miguu tu, hata mgonjwa aweze kusimama na kuanza mazoezi ya kweli. Mwenye betri ya moyo asiuguse bila idhini ya daktari wake, wala mtu asiweke vibandiko kifuani. Na zile mashine ziuzwazo madukani kwa ahadi ya kupunguza tumbo zisigeuzwe dawa ya baba mgonjwa. Jambo hili liulizwe hospitali, kwa daktari wa moyo na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kama vile KCMC huko Moshi au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Na yule awezaye kutembea hana haja ya kungoja mashine. Ndugu zetu wa Usa River, daktari akisharuhusu, mtembezeni mzee asubuhi katika njia iliyo sawa, si ile ya kupandia Nkoaranga. Aanze kwa dakika chache, na mwendo uwe wa kumwezesha kuzungumza. Akiona maumivu ya kifua au kizunguzungu, na asimame mara moja, apelekwe hospitali. Kila asubuhi apimwe uzito. Ukizidi kilo 2 katika siku 3, maji yanajaa mwilini, basi aonwe na daktari upesi.

Enyi vijana, kazi hii ni yenu. Kumletea baba maji kitandani ni wema. Kumshika mkono hata aende mwenyewe kuyachota ni wema mkubwa zaidi.