Mgonjwa wa Utafiti na Mgonjwa wa Zahanati

Bibi mmoja wa kata ya Ntalikwa, katika Manispaa ya Tabora, alinitolea daftari la shule lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Lilikuwa daftari la matibabu la mjukuu wake, kama yale tunayowaagiza wagonjwa wayanunue dukani kabla ya kumwona mtabibu. Ukurasa mmoja ulikuwa na tarehe ya mwaka 2009, neno malaria, neno kwinini, na sahihi isiyosomeka. Mjukuu mwenyewe, aliyekuwa na umri wa miaka minne wakati ule, alikuwa ameketi chini ya mwembe, kijana mzima sasa. Aliponyanyuka kunipokea nikaona anautupa mguu wa kulia, akiuinua goti juu kuliko kawaida ili vidole visiburure ardhini. Bibi akaniuliza: "Baba, wewe umesoma. Hii ilikuwa malaria, au ilikuwa sindano?"

Nililitazama lile daftari kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana halikuwa na jibu. Halikueleza sindano ilichomwa wapi, kwenye tako au kwenye paja, upande upi, saa ngapi, kipimo gani, wala mtoto aliondoka akitembea au amebebwa. Ikanibidi niulize upya yale ambayo karatasi ingeniambia. Malaria kali iliyopanda kichwani huweza kuacha ulemavu, lakini kwa kawaida mtoto huwa amepoteza fahamu au amepata degedege, na udhaifu hugusa mkono na mguu wa upande mmoja, pengine na usemi pia. Polio nayo hulegeza mguu, ila mgonjwa wa mwisho wa virusi asilia vya polio nchini mwetu aliripotiwa mwaka 1996. Kijana huyu mkono wake ni mzima na akili yake ni timamu. Udhaifu wake umekaa chini ya goti, na ngozi ya juu ya unyayo haina hisia kamili. Bibi akakumbuka kwamba mtoto alipiga ukelele wakati wa sindano ya pili, na jioni ile hakuweza kusimama. Naamini ilikuwa sindano, iliyogusa ule mshipa mkubwa wa fahamu unaopita nyuma ya nyonga kuelekea mguuni. Kuamini si kuapa, na mahakamani ningeulizwa ushahidi uko wapi.

Ikiwa ilikuwa sindano, je, ulikuwa uzembe? Hapo ndipo watu wengi, wagonjwa na watumishi wa afya kwa pamoja, huchanganya mambo mawili. Madhara ya matibabu ni tukio. Uzembe ni mwenendo. Kwinini ni dawa kali kwa nyama na mishipa ya fahamu, na mtoto aliyekonda ana tako dogo lisilotoa nafasi kubwa ya makosa. Ndiyo maana mafunzo hutaka mtoto mdogo achomwe sehemu ya mbele ya paja, upande wa nje. Aliyechoma pajani kwa kipimo sahihi na bado mtoto akaumia hawezi kulinganishwa na aliyechoma popote palipomjia. Lakini daftari lile linawaweka wote wawili katika kapu moja. Halimtetei muuguzi mwema, na halimfichui mzembe.

Kwinini ina historia ndefu katika nchi hii ya Unyamwezi. Ilipita hapa ndani ya masanduku ya misafara. Stanley aliugua homa akiwa Kwihara mwaka 1871, na Livingstone alikaa hapo hapo kwa miezi kadhaa mwaka 1872 akingoja wapagazi na vifaa. Miaka mitano kabla, mwanzoni mwa 1867, watumishi waliomtoroka waliondoka na sanduku lake la dawa, naye akaandika kwamba alijiona kama aliyekwisha kuhukumiwa kifo. Wageni wanaotembelea tembe la Kwihara huonyeshwa mambo mengi, lakini sijasikia wakielezwa kwamba dawa ile ile iliendelea kuwa tegemeo letu kwa malaria kali kwa karibu miaka mia moja na arobaini baadaye.

Iliondolewa na utafiti. Watoto 5,425 wenye malaria kali, katika vituo 11 vya nchi 9 za Afrika, walipangwa kwa bahati nasibu kupata kwinini au artesuneti. Vituo vya Tanzania vilikuwa Muheza na Korogwe, mkoani Tanga. Matokeo yalichapishwa mwezi Novemba 2010: katika kila watoto mia waliopata kwinini walifariki karibu 11, na kwa artesuneti walifariki kati ya 8 na 9. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesuneti kwa watoto wote wenye malaria kali. Mjukuu wa Ntalikwa alichomwa sindano yake wakati utafiti huo ukiendelea, katika nchi hiyo hiyo, kwa dawa mojawapo kati ya hizo mbili.

Nataka msomaji autazame mfanano huo kwa makini, kwa maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Mtoto wa Muheza aliyepewa kwinini ndani ya utafiti na mtoto wa Ntalikwa aliyepewa kwinini nje ya utafiti walipata dawa moja, lakini hawakupata heshima moja. Kwa yule wa kwanza, mzazi alielezwa ugonjwa, dawa na hatari zake kabla ya kuombwa ridhaa. Kipimo, saa na njia ya kumpa dawa viliandikwa. Kila dhara kubwa liliripotiwa kwa watu waliokuwa wamekaa mahali fulani wakihesabu. Na waliotoka hospitalini wakiwa na dosari ya fahamu walitakiwa kurudi siku ya 28 wakaguliwe tena. Kwa yule wa pili, bibi yake alirudi mara mbili kwenye kituo ambacho sitakitaja. Mara ya kwanza aliambiwa mguu utapona wenyewe, mara ya pili akaambiwa ni malaria.

Huo "utapona wenyewe" ndio ulionikasirisha kuliko sindano. Mshipa wa fahamu uliojeruhiwa huweza kupona kwa sehemu, polepole, na katika miezi hiyo mtoto huhitaji kifaa cha kuushikilia unyayo usiiname na mazoezi ya viungo ili kano za nyuma zisikaze. Mtu angesema wiki ile ya kwanza, "Mama, nadhani sindano imegusa mshipa, mpeleke mjini," kijana huyu pengine angekuwa anatembea vizuri zaidi leo. Anayenyamaza hujilinda nafsi yake, na dhara la pili analolizaa ni lake mwenyewe, wala halimo katika kitabu chochote cha madhara ya kwinini.

Kwa nini basi mshiriki wa utafiti apewe haki hizi na mgonjwa wa kawaida anyimwe? Jibu la kisheria linafahamika: utafiti hupita kwenye kamati ya maadili, na kwetu hupita pia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa, ambayo haitaruhusu mtu aguswe bila fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa lugha anayoielewa. Kamati hizo zilizaliwa kutokana na uovu uliotendwa duniani kwa jina la sayansi, nazo ni za lazima. Lakini hatari ya dawa haijui kama aliyepewa ni mshiriki wa utafiti au la. Kwa maoni yangu, tumejenga nyumba nzuri yenye mlango mmoja, tukawaacha wagonjwa walio wengi nje.

Watumishi wenzangu hujibu kwamba kuandika na kukiri ni kumpa mgonjwa kamba ya kumnyongea mtabibu. Hofu hiyo si ya kubuni. Ripoti za Sheria za Tanzania za mwaka 1992 zina shauri la mtoto aliyemshitaki, kwa kupitia rafiki wa karibu kama sheria inavyotaka, mganga mfawidhi wa Hospitali ya Nkinga, humu humu mkoani Tabora. Tangu mwaka 2017 tuna sheria mpya ya wanataaluma wa udaktari, na Baraza la Madaktari Tanganyika hupokea malalamiko na linaweza kumwondoa mtu kwenye daftari la taaluma. Fidia, hata hivyo, hudaiwa mahakamani. Huko mwenye kudai ndiye mwenye kuthibitisha. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu. Na kabla ya kuishitaki Serikali hutakiwa notisi ya siku 90. Bibi wa Ntalikwa hana wakili, hana nauli ya kwenda na kurudi, na ana ukurasa mmoja wenye maneno mawili. Nani hasa anaogopwa hapa?

Sheria yetu ya madai, iliyorithi mengi kutoka Uingereza, haimhukumu mtabibu kwa kuwa tu matokeo yamekuwa mabaya. Huuliza kama alitenda vile ambavyo mtabibu mwenye ujuzi wa kawaida angetenda. Swali hilo haliwezi kujibiwa na daftari tupu, na daftari tupu humdhuru mtabibu aliyetenda sawasawa kuliko anavyodhani.

Kuhusu kukiri, Chuo Kikuu cha Michigan, huko Marekani, kiliianza mwaka 2001 desturi ya kuwaeleza wagonjwa makosa yaliyotendeka, kuomba radhi na kutoa fidia bila kungoja kesi. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2010 ilionyesha kesi za mahakamani zikishuka kutoka 2.13 hadi 0.75 kwa kila mahudhurio 100,000. Sitaki kuitumia takwimu hiyo kupita uwezo wake: ililinganisha kabla na baada, na madai yalikuwa yakipungua katika jimbo hilo zima. Tena Michigan wana fedha za kulipa fidia ambazo zahanati ya kata haitazipata. Inatosha kwamba waliosema ukweli hawakuangamia.

Upasuaji hutufundisha jambo la karibu na hili. Mwezi Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza walibadilishwa: aliyestahili upasuaji wa goti alipasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Taifa zima lilitikisika. Mwaka 2018 kosa la jamaa hiyo likatokea Nairobi, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambapo kichwa cha mgonjwa asiyehusika kilifunguliwa. Na katika miezi ile ile ya mwisho wa 2007, Ifakara ilikuwa mojawapo ya miji minane duniani iliyokuwa ikiijaribu orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, ambayo kabla ya nusukaputi humtaka mgonjwa athibitishwe jina lake, upasuaji wake na mahali pa mwili patakapopasuliwa. Katika miji hiyo minane kwa ujumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara mengine kutoka asilimia 11 hadi 7. Dawa ya kosa la Dar es Salaam ilikuwa inajaribiwa ndani ya nchi yetu wakati kosa linatendeka.

Hata hivyo hospitali 101 za Ontario, nchini Kanada, zilipoagizwa kuitumia orodha hiyo, utafiti wa mwaka 2014 haukuona upungufu wa vifo wenye uzito wa kitakwimu. Wengi wameeleza kwamba vipengele huwekwa alama ya vema bila mtu kusoma. Nimeona jambo hilo kwa macho yangu, na siku moja, nakiri, kwa mkono wangu.

Kwa hiyo siombi fomu nyingine. Muuguzi aliye peke yake zahanati, mwenye foleni hadi nje ya uzio, hana muda wa kurasa kumi za ridhaa. Naomba mistari mitatu katika daftari lile lile la shule: dawa na kipimo chake, mahali na saa ilipoingia mwilini, na neno alilopewa mzazi kuhusu dalili ya kumrudisha mtoto. Artesuneti yenyewe inaudai mstari huo wa tatu. Kwa wagonjwa wachache, damu hupungua ghafla wiki moja hadi nne baada ya dozi, mtoto akapauka au akakojoa mkojo mweusi, na mama asiyeambiwa atadhani ni malaria mpya au mkono wa jirani. Likitokea dhara, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina fomu ya njano ya kuliripoti, nayo haimuulizi mtu nani alaumiwe.

Mtu asiseme watumishi wetu hawawezi. Katika mradi wa kuboresha uzazi salama uliofanyika kwenye vituo 30 vya mikoa ya Tabora, Manyara, Geita, Shinyanga na Mwanza, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025, wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara na kuzitazama takwimu zao wenyewe, pamoja na za vichanga waliopotea. Waliweza kwa sababu aliyezitazama pamoja nao hakuja kuwakamata.

Nilimwambia bibi kile ninachoamini: kwamba ilikuwa sindano, kwamba siwezi kusema kama aliyeichoma alikosea, na kwamba alipaswa kuambiwa wiki ile ile. Nilimweleza pia kuwa madaktari wa mifupa bado wanaweza kumtazama kijana, kwa kuwa kifaa cha kuuinua unyayo, au upasuaji wa kuhamisha kano, huwasaidia baadhi ya watu hata baada ya miaka mingi. Kisha nikafungua ukurasa mpya wa daftari, nikaandika tarehe, niliyoyaona mguuni, ninachodhani kuwa chanzo, na jina langu kwa herufi kubwa. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea mara mbili, akalirudisha daftari ndani ya nailoni, akamtuma kijana akaniletee maji ya kunawa.