Kabla ya Kuuita Upuuzi

Niliwahi kuidhulumu tamthilia moja mbele ya darasa zima. Ilikuwa *Amezidi* ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1995. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini wahusika wawili, Ame na Zidi, wanaishi pangoni na kuzungumza kama watu wasiosikilizana. Sikuwa na jibu, na aibu ya mwalimu ni kubwa. Nikasema, "Mwandishi anafanya mzaha tu. Tuendelee." Leo nimestaafu, niko hapa Milepa, na swali lile bado linanidai.

Jibu ninalo, ingawa limechelewa. Yaunganishe majina yale mawili, nawe utapata shtaka: amezidi. Amezidi kuomba, amezidi kuota, amezidi kujidanganya. Watu waishio pangoni huku wakijiona matajiri kwa cha kupewa si vichekesho vitupu; ni sisi na misaada yetu. Mwandishi angeyasema hayo kwa hotuba, tungeitikia kwa kichwa kisha tusahau. Kwa kuwa aliyasema kwa kioja, yamebaki yakitukereketa.

Wapo wanaodai kwamba sanaa ya namna hii tumeiazima Paris, ambako tamthilia ya Samuel Beckett kuhusu watu wawili wanaomngoja asiyefika ilioneshwa mwaka 1953. Sikatai kwamba waandishi husomana. Lakini nani alimfundisha bibi kusema, "Nyumba yangu haina mlango"? Kauli hiyo ni upuuzi mpaka utakapolikumbuka yai. Nani alimfundisha mtani kuingia msibani akiiga mwendo na sauti ya marehemu, wafiwa wakacheka machozi yakiwa hayajakauka? Mtani hamdhihaki maiti. Anakidhihaki kifo, na kwa dakika chache anaturudishia yule tuliyempoteza.

Ndiyo maana siafikiani na wanaosema kwamba Euphrase Kezilahabi alipotea njia alipoandika *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991). Aliyeandika *Rosa Mistika* mwaka 1971 alijua vema kusimulia kisa kilichonyooka. Aliiacha njia hiyo kwa sababu alichokuwa akikiuliza sasa, maana ya kuishi na kufa, hakina njia iliyonyooka.

Hata hivyo, washairi vijana wasinielewe vibaya. Si kila maneno yaliyotawanywa ovyo yana siri ndani yake. Mengine ni uvivu uliovaa joho. Kipimo changu ni chepesi: ondoa neno moja, uweke lingine lolote. Kama hakuna kinachobomoka, basi hapakuwa na nyumba. Ondoa pango katika *Amezidi*, uwaweke Ame na Zidi katika nyumba ya matofali, na tamthilia nzima itaanguka.

Katika vitendawili, anayeshindwa hutoa mji. Lakini hutoa mji baada ya kujaribu, na akishautoa hupewa jibu. Siku ile mimi niliutoa mji wa darasa zima bila kujaribu hata mara moja, na wanafunzi wangu wakaondoka bila mji na bila jibu. Ukikutana na kazi isiyoeleweka, msomaji mwenzangu, kaa nayo kidogo. Cheka kwanza, ukipenda. Kisha tegua.