Eti Si Vazi Lake

Hakuna kinachonyamazisha maswali kama mtoto anayeimba. Mvalishe mavazi ya jadi, mpange na wenzake mistari mitatu jukwaani, mwambie aimbe juu ya milima na vijito, na watu wazima waliokuja na maswali yao watayasahau kabla ya ubeti wa pili. Ninaandika kuupinga usahaulifu huo. Sina ugomvi na kwaya, na nguo zenyewe nazipenda.

Nasoma shahada ya uzamili kusini mwa Ujerumani. Kila kiangazi, sherehe za mitaa huku hazikosi kwaya ya watoto waliovaa Tracht, jina wanaloliita vazi la jadi la eneo: wasichana katika magauni ya dirndl yenye aproni, wavulana katika kaptula za ngozi. Katika sherehe moja, mmoja wa wasichana wa kwaya alikuwa mweusi. Aliimba kama wenzake, akapigiwa makofi kama wenzake. Nyimbo zilipokwisha, mzee mmoja wa mezani petu akamsifu hivi: limempendeza kweli, ingawa si vazi lake. Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na sentensi za namna hiyo ndizo zinazodumu kwa sababu hakuna anayejisumbua kuzijibu.

Mimi najisumbua. Kama si lake, ni la nani?

Tuanze na wakulima, maana ndio wanaotajwa kila mara. Ni kweli dirndl ina asili katika nguo za kazi za wanawake wa milimani. Lakini walioigeuza kuwa vazi la kupendeza ni watu wa mjini wenye pesa, waliokwenda mashambani kupumzika wakati wa kiangazi mwishoni mwa karne ya 19. Kaptula nazo zilikuwa zikipotea. Mwaka 1883, mwalimu Joseph Vogl wa Bayrischzell aliunda chama cha kuzihifadhi, na Kanisa, ambalo leo tungedhani lilikuwa mlezi wa jadi hiyo, lililalamika kuwa magoti wazi ni utovu wa adabu. Jadi ambayo haikuwahi kukatika haihitaji mwalimu aiundie chama.

Kisha waje ndugu wawili, Julius na Moritz Wallach. Mwaka 1900 walifungua duka Munich na kuanza kuuza mavazi haya kwa ubora ambao mjini haukuwa umezoeleka. Oktoberfest ilipotimiza miaka 100, mwaka 1910, ni wao walioyavalisha maandamano ya mavazi ya jadi. Kama kuna watu waliolitoa vazi hili kijijini na kulifanya lijulikane duniani, ndugu hawa wamo mstari wa mbele. Walikuwa Wayahudi.

Mwaka 1938 walilazimishwa kuliuza duka lao. Mwezi Juni mwaka huohuo, huko Salzburg, miezi mitatu tu baada ya Austria kumezwa na Ujerumani ya Hitler, polisi walitoa amri kwamba Myahudi asionekane hadharani amevaa vazi la milimani: si dirndl, si kaptula ya ngozi, hata soksi nyeupe zilipigwa marufuku. Ndugu yao Max, aliyekuwa na kiwanda cha kuchapa vitambaa Dachau, alipelekwa kambini pamoja na mkewe Melitta. Wote wawili waliuawa Auschwitz mwaka 1944.

Wakati huo huko Innsbruck, Gertrud Pesendorfer alikabidhiwa ofisi ya kushughulikia vazi la Kijerumani. Kazi yake ilikuwa kuliondolea kile alichokiona kuwa uchafu wa Kanisa, viwanda na mitindo ya mjini. Akaondoa kola ndefu, akabana kiuno. Magauni mengi tunayoyaita ya kale yamepita katika mikono hiyo.

Kwa hiyo kauli ya “si vazi lake” ina historia. Ilipata kuwa amri ya polisi, nayo iliwanyang’anya vazi watu waliolitukuza. Mzee wa mezani petu huenda hajui. Lakini kutojua huko kumetunzwa kwa bidii, na kwaya za watoto zimesaidia kukutunza.

Angalia mwaka 1953. Kwaya ya watoto wa Obernkirchen, mji mdogo wa eneo la Schaumburg, ilisafiri chini ya Edith Möller hadi Llangollen, Wales, kwenye mashindano ya kimataifa ya muziki. Vita vilikuwa vimekwisha miaka minane tu kabla. Watoto waliimba wimbo wa msafiri mwenye furaha, uliotungiwa muziki na kaka yake Edith, Friedrich-Wilhelm Möller. Wakashinda, BBC ikawatangaza, na mwaka uliofuata rekodi yao ikapanda hadi nafasi ya pili Uingereza. Siwalaumu watoto wale. Walikuwa wadogo mno kuwa na hatia yoyote, na Waingereza walihitaji Wajerumani wa kuwapenda. Lakini watu wazima walijifunza kitu pale: mtoto anayeimba anaweza kulipa deni ambalo hakukopa, na aliyekopa akakaa kimya.

Wapo wanafunzi wenzangu wanaosema dawa ni kuyaacha mavazi haya kabisa, kwani yamenajisika. Siwaungi mkono. Wanaokata kauli hiyo wanawaachia Pesendorfer na wenzake ushindi wasioustahili, na wanawafuta akina Wallach mara ya pili. Isitoshe, mimi nimekulia Tanga. Kanga tunayoiita vazi letu ilianzia kwenye leso za Wareno, ikachapwa Uholanzi, Uingereza, India na Japani, na hakuna bibi aliyeikataa kwa sababu hiyo. Vazi huwa la watu kwa kuvaliwa, kusemewa na kuzikiwa. Damu haishoni nguo.

Ninachodai ni kidogo na hakina gharama. Kwaya inayowavalisha watoto Tracht iwaambie watoto hao nani aliishona, nani aliiuza, nani alikatazwa kuivaa. Katika kijikaratasi kinachogawiwa mlangoni, chini ya orodha ya nyimbo, iwekwe aya moja yenye majina Julius, Moritz, Max na Melitta. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuibeba habari hiyo. Wenzake wa umri huohuo waliwahi kubeba mzigo mzito zaidi. Wanaosema itaharibu furaha ya sherehe wanakiri wenyewe kwamba furaha yao imejengwa juu ya kutotaja.

Wahenga wetu walisema mficha uchi hazai. Jadi inayoficha ilikotoka nayo haizai: hubaki kuhesabu nani ni wake na nani si wake. Na msichana yule, akishaambiwa historia yote ya gauni alilovaa, atakuwa na haki nalo kuliko yeyote aliyekaa benchi lile akimpimia.